Watu wa Kale Waliovaa Kandambili

Iko nchi moja, jina silitaji kwa sababu wenyewe hulibadilisha kila wanapobadilisha wimbo wa taifa, ambako huwezi kuanza hadithi kwa kusema "hapo kale" ukaachwa hivi hivi. Kale huko ni mali ya serikali. Ina wizara, ina waziri, ina magari, na ina kipimo cha kisheria: kitu chochote kilichofukiwa ardhini kupita kina cha goti la waziri ni cha kale, na kisichofika kina hicho ni cha juzi. Waziri aliyetangulia alikuwa mrefu, kwa hiyo siku zake nchi ilikuwa na historia kidogo sana. Akaja Mheshimiwa Chikwindo, mtu mfupi, Mungu hakumpa miguu lakini alimpa sauti. Alipoapishwa tu, mabomba ya maji, nyaya za simu na mbwa aliyezikwa na balozi mmoja mwaka uliopita vikawa urithi wa taifa. Mji mzima ukakosa maji, maana bomba lililopasuka lilikuwa la kale na fundi akiligusa anafungwa.

Mchimbaji mkuu wa wizara hiyo alikuwa Dokta Shaweji Mkupasi. Alisomea vigae na mifupa mpaka mgongo ukapinda. Alikuwa mtu mpole, na katika wizara ile upole ni jina la heshima la woga. Alijua kupiga mswaki kigae kisikwaruzike, alijua kunyamaza kwenye mikutano, na mambo hayo mawili yalimweka kazini chini ya marais watatu.

Na kunyamaza kulihitajika, kwa sababu wizara ile haichimbi kwanza ikafikiri baadaye, kama wafanyavyo watu wasio na adabu. Inafikiri kwanza, tena Baraza la Mawaziri ndilo linaloifikiria, ndipo inakwenda kuchimba ikakute kile kilichokwisha kufikiriwa. Enzi za Rais wa Kwanza nadharia ya taifa iliitwa Waliokuja. Chungu kizuri kikipatikana, kimeletwa na wageni. Kibaya, ni chetu. Rais wa Pili akaileta Mazingira, na kila kitu kikawa kimesababishwa na mvua au ukame, hata mpini wa kata. Rais wa Tatu, huyu wa sasa na wa kudumu, akaleta Maana Nyingi. Nadharia hii husema kitu hakina maana moja, kina maana nyingi, na kwa kuwa nyingi zitawachanganya wananchi, serikali itawachagulia moja. Aliyezihubiri zote tatu ni mtu yuleyule, Profesa Lubinza, kwa koti lilelile na machozi yaleyale.

Basi siku moja katapila lilikuwa linachimba bwawa la kuogelea nyumbani kwa Mheshimiwa Chikwindo. Likainua udongo, na pamoja na udongo ukainuka mguu. Ulikuwa mfupa mtupu, lakini ulikuwa umevaa kandambili.

Dereva wa katapila akazima injini, akashuka, akaenda zake kwao na hakuonekana tena kazini. Mheshimiwa akaitisha wizara. Akashuka mwenyewe shimoni na suti yake, akasimama wima, wakapima. Mguu ulikuwa chini ya goti. Akapanda juu akijifuta mikono, akatangaza kwamba wamegunduliwa wahenga.

Shaweji akaingia na vijiti vyake na brashi zake. Walikuwa watu wengi, wamelaliana ovyo kama kuni zilizobwagwa. Mikono yao ilikuwa imefungwa nyuma kwa waya. Fuvu moja baada ya jingine lilikuwa na tundu kisogoni, dogo, la mviringo, limefanana na la jirani yake. Mifukoni mwao, pale ambapo nguo haikuwa imeoza yote, mlikuwa na viberiti. Shaweji alikuwa anaendelea kupiga brashi, mpole vilevile, mpaka akafika kwenye mguu ambao kandambili yake ukanda ulikuwa umekatika ukaunganishwa kwa spoku ya baiskeli, imepindwa mara mbili na kufichwa ncha ili isichome kidole. Akaiweka brashi chini. Spoku ile aliipinda yeye mwenyewe, sebuleni kwa mama yake, mdogo wake Kitwana akiwa amekaa mguu mmoja peku, anamhimiza.

Hapa lazima niwaeleze habari ya semina, maana wageni hawaijui. Miaka iliyopita wafanyakazi wa kiwanda cha viberiti, ambao moshi wa baruti ulikuwa unawala mapafu, walizima mashine wakaomba vitambaa vya kuzibia pua. Hawakutukana mtu. Yakaja malori, akashuka ofisa mmoja mchangamfu, akawaambia wamechaguliwa kuhudhuria semina. Wakapanda wakifurahi, wengine wakawatuma wake zao mbio nyumbani wakawaletee mashati safi. Hawakurudi. Wake na mama zao walipoulizia, waliambiwa mada ni ndefu. Wakangoja, wakaulizia tena, wakaambiwa sasa wako kwenye makundi ya majadiliano. Mwisho wakaambiwa wanaandaa maazimio, na kwamba mwenye kuuliza uliza anawachelewesha.

Shaweji alijua, na nchi nzima ilijua. Hata yule ofisa mchangamfu, ambaye siku hizi ni Kamanda wa Polisi wa mkoa, alikuwa pale shimoni akizuia watu, na alijua kuliko wote. Jambo hilo halikuwa na mtu asiyelijua, ndiyo maana lilihitaji nadharia.

Kongamano likafanyika ukumbi wa wizara. Mifupa ilipangwa juu ya meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe vya mezani, na kwa kuwa meza hazikutosha, sambusa na chupa za chai ziliwekwa hapo hapo, kati ya mbavu na mbavu. Profesa Lubinza akasimama, sambusa mkono wa kushoto, fuvu mkono wa kulia.

"Waheshimiwa," alisema, "watu hawa wana umri wa miaka elfu mbili. Msiitazame kandambili kwa macho ya dukani. Kandambili ni matini. Inasomwa. Mimi nimeisoma, na inasema kwamba wahenga wetu walijua plastiki kabla ya mataifa yote, wakaiacha kwa hiari kwa kuona haina maadili."

Makofi yakapigwa.

"Na viberiti?" aliuliza Mheshimiwa Chikwindo, aliyekuwa amekwisha kuambiwa aulize.

"Swali zuri sana, Mheshimiwa. Moto ulivumbuliwa hapa." Profesa akaanza kulia. "Hapa, chini ya bwawa lako."

Wakasimama, wakaimba wimbo wa taifa, ule mpya. Walipokaa, mtu mmoja wa nyuma, mgeni kidogo wizarani, akauliza matundu ya kisogoni yana maana gani. Profesa akaingiza kidole chake katika tundu la fuvu, akakizungusha pole pole, kidole kilekile chenye mafuta ya sambusa, akasema kwamba wengine hutoga masikio na wengine hutoga pua, hawa walitoga visogo. Lilikuwa pambo la mtu aliyehitimu mafunzo. Na vile vipande vya risasi vilivyokutwa humo ndani ndivyo vipuli vyenyewe.

Shaweji alitoka nje akatapika kwenye maua ya wizara. Alitapika chai, akatapika nyongo, na hata tumbo lilipobaki tupu liliendelea kumkaba, kwa sababu alichotaka kukitoa hakikuwa tumboni. Alipata kuona mizoga, alipata kufukua vyoo vya miji iliyokufa, hakuna kilichomchefua kama kile kidole. Kisha akasukutua, akarudi ndani, akakaa. Nawaambieni ukweli, alirudi akakaa.

Jioni alikwenda kwa mama yake. Bi. Sikudhani aliishi Mtaa wa Viberiti, nyumba ileile, na sebuleni kwake lilikuwa limetandikwa jamvi la matanga tangu mwaka wa malori. Hakulikunja. Wenziwe walimwambia matanga hayana mwisho yakikosa maiti, naye akawajibu kwamba hilo analijua, ndiyo maana anangoja maiti.

"Nimemwona Kitwana, mama," alisema Shaweji.

Bi. Sikudhani alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Ile kandambili yenye spoku."

"Mmemweka wapi?"

"Kwenye kasha. Stoo ya wizara."

"Amefunikwa?"

Shaweji akainama akaokota punje ya mchele iliyoangukia jamvini. Mama yake akaendelea kuchambua, akatoa kokoto, akaitupa, akatoa nyingine.

"Sikiliza, baba," alisema. "Sitaki kujua nani alifanya. Aliyefanya namjua, huwa ananisalimia sokoni. Sitaki waniombe radhi, wala sitaki wanilipe. Nataka mwanangu avishwe sanda, asomewe, afukiwe na watu wanaomjua jina. Nikunje jamvi. Wewe si ndiye mwenye ufunguo wa hiyo stoo?"

"Ninao, lakini nikimtoa watasema nimeiba mali ya taifa."

"Basi kawaombe," alisema Bi. Sikudhani. "Mtu huombwa hata punda wake, sembuse mifupa isiyo yake."

Shaweji akaenda kuomba. Alimkuta Profesa Lubinza ofisini, anajipaka mafuta viganjani. Akamweleza kwa upole kwamba mmoja wa wahenga ni mdogo wake.

"Mdogo wako alizaliwa lini?" aliuliza Profesa.

Shaweji akataja mwaka.

"Na hii mifupa ina umri gani?"

"Umesema elfu mbili."

"Sikusema mimi, imesema nadharia. Sasa mtu wa miaka elfu mbili awe mdogo wako, wewe una miaka mingapi?" Profesa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Halafu mdogo wako si yuko semina? Mwache amalize, Dokta. Usimharibie."

Shaweji alisimama pale na kofia mkononi. Ndipo woga wake wa miaka yote ukazaa akili, kama wakati mwingine unavyofanya. Akakumbuka kwamba akiolojia ina tawi la majaribio: watu hufinyanga chungu kwa njia ya kale waone kitapasuka wapi, hujenga kibanda cha udongo waone kitaanguka lini. Akasema, taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza limemjia, kwamba Maana Nyingi ni nadharia kubwa lakini maadui wanasema haina ushahidi. Je, kama wangefanya jaribio? Wawazike wahenga upya, kwa desturi za kale, kwa kuosha, kwa kuvika, kwa kulia, waone wahenga walikuwa wakizikana vipi. Washiriki watatafutwa. Kuna wanawake fulani Mtaa wa Viberiti, wana nyuso za kale kabisa, na kulia wanajua.

Profesa akainuka, akamkumbatia. "Miaka yote hii ulikuwa umeificha wapi hiyo akili?"

Ndugu msomaji, mazishi yale yalikuwa mazuri. Serikali ilitoa uwanja nyuma ya wizara, ikatoa hema, ikatoa bendi ambayo Shaweji aliomba isipige kwa sababu wahenga hawakuwa na tarumbeta. Sanda aliiandika katika mahitaji kama "kitambaa cha kale cheupe". Sheikh wa mtaa na padri wa mtaa walilazimishwa kujifunga ngozi za mbuzi ili wafanane na makuhani, wakajifunga, na chini ya ngozi kila mmoja alikuwa amevaa vazi lake. Walisoma kwa sauti ya chini. Mheshimiwa Chikwindo aliuliza ile ni lugha gani, akaambiwa ni Kikale, akatikisa kichwa kwa kuelewa.

Wakati wa kuosha kila mwanamke alikuwa amemtambua wake, huyu kwa jino, yule kwa kifungo cha shati, na kila maiti ikapewa kaburi lake. Na wanawake wakalia. Waliambiwa walie kwa dakika chache tu kwa ajili ya televisheni, wakalia mpaka mpiga picha akaishiwa betri. Bi. Sikudhani alishuka kaburini akamlaza mwanawe ubavu, akamweka sawa kichwa, akamwambia maneno ambayo Shaweji hakuyasikia. Mtangazaji alisema kwamba washiriki wameigiza kwa kiwango cha kimataifa. Kisha makaburi yakafukiwa, na Bi. Sikudhani akarudi nyumbani akalikunja jamvi, akaliegemeza nyuma ya mlango, akapika pilau akala yote. Siku iliyofuata alimcheka jirani yake kwa sababu ya kuku, cheko ambalo mtaa ulikuwa umelisahau.

Shaweji naye alilala usingizi. Lakini jambo moja alilijua na hakumwambia mama yake. Jaribio hufuatiliwa. Chungu hupasuliwa kikaangaliwa, kibanda hurudiwa kikapimwa. Alikuwa ametegemea uzembe. Serikali ile ilianza barabara ikaiachia mtoni, ilianza zahanati ikaishia kwenye linta, haikupata kumaliza kitu tangu uhuru, na Shaweji alikuwa amemzika mdogo wake chini ya tabia hiyo akiamini ni imara kuliko zege.

Hilo ndilo jambo pekee walilolimaliza, tena kabla ya wakati.

Tangazo lilisomwa redioni. Kwa kuwa jaribio limefana, Sikukuu ya Kale itaadhimishwa kila mwaka kwa kuwafukua wahenga mbele ya Rais, kuwapima walivyobadilika, na kuwazika tena. Washiriki wa mwanzo wanaombwa wafike wakiwa na machozi mapya. Shaweji alikimbia hadi kwa Profesa.

"Waacheni," alisema. "Wameshazikwa, Profesa. Waacheni walale."

"Dokta," alisema Profesa, kwa upole wa mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi aliyempenda, "jaribio lisilofukuliwa ni mazishi tu."

Siku ya sikukuu mahema yalikuwa yamejaa kabla jua halijawa kali. Mheshimiwa Chikwindo alikuwa amewekewa kijukwaa cha kumwinua. Bendi safari hii ilipiga. Makoleo mapya yalikuwa yamepangwa juu ya majani, yamefungwa utepe wa rangi za bendera. Bi. Sikudhani akaja na khanga zake mbili, akapita mbele ya viti vya wageni bila kusalimia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la Kitwana, akaketi juu yake. Akanyoosha miguu. Nyuma yake akaja mama wa mwingine, na mjane wa mwingine, na dada wa mwingine, kila mmoja juu ya kaburi lake, mpaka pakawa hapana udongo wa kuchimba usio na mtu. Hawakuimba wala hawakulia.

Mheshimiwa alisita katikati ya hotuba. Lakini Profesa Lubinza uso ulimchanua.

"Hii haimo kwenye vitabu," alisema. "Tazama, Mheshimiwa, mila ya kukalia makaburi. Imezuka yenyewe. Lazima ipimwe kabla haijaharibika." Akachomoa futi kamba, akapita kati ya makaburi, akasimama kwa Bi. Sikudhani. "Dokta, shika ncha hii, weka kisiginoni."

Na Shaweji akaishika. Mkono uliozoea kazi ulikwenda wenyewe. Akachutama, akaiweka ncha ya futi kamba kwenye kisigino cha mama yake, kisigino chenye nyufa, akaivuta ikakaza.

Bi. Sikudhani alimwangalia kutoka juu.

"Pima vizuri, mwanangu," alisema. "Mdogo wako ulishampima."

Shaweji akaachia. Akakaa kwanza kwa magoti, kisha akakaa kitako, hapo hapo kwenye udongo, bega lake likagusa goti la mama yake, na ule upole wake wa marais watatu ukamtoka wote kwa mara moja, akalia kwa sauti kubwa mbele ya bendi ya polisi. Bi. Sikudhani akamfunika kichwa kwa khanga ya pili.

"Na mwanamume mmoja, umri wa kati," alisema Profesa akizungusha futi kamba yake, "mapambo hana."

Mheshimiwa Chikwindo alishuka kijukwaani. Rais alikuwa njiani, ving'ora vilikuwa vimeanza kusikika upande wa stesheni. Akamshika Profesa kiwiko. "Sasa nadharia inasemaje? Tutachimbaje na hawa wamekaa juu?"

"Hapo hakuna maana nyingi, Mheshimiwa," alisema Profesa. "Ni sheria ya matabaka, ya kwanza kabisa katika fani yetu. Kilichokuja mwisho ndicho kilicho juu, na kilicho juu ndicho kinachotangulia kuondolewa. Unaliondoa tabaka la juu polepole, kwa brashi, unalitia kwenye mifuko, ndipo unashuka kwa la chini."

Mheshimiwa akageuka kumtazama Kamanda wa Polisi. Kamanda, mtu mchangamfu, aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, akamtazama Shaweji na khanga yake kichwani, kisha akatazama lilipokuwa limeegeshwa lori lake.

"Brashi hatuna, Mheshimiwa," alisema. "Mifuko tunayo."